Uzi maalum wa Robert Hood: santuri za zamani zinazorudi, mpya zinazotoka, na kwa nini mimi naziona kazi moja

SindanoAlmasi

Wakuu, salaam.

Tangu jioni santuri ya Robert Hood, *Minimal Nation*, inazunguka hapa. Upande mmoja nimeurudia mara nne, na kila nikiurudia kuna kitu kinajitokeza ambacho mara ya kwanza kilinipita. Nimeona nisikae nacho moyoni. Uzi huu ni wa Robert Hood: santuri zake za zamani zinazotolewa upya, na mpya anazoendelea kuzishusha. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka atarudi baadaye.

Kwa asiyemfahamu, Hood ni mtu wa Detroit, Marekani, kizazi cha pili cha tekno, ule muziki wa dansi unaotengenezwa kwa mashine. Msingi walishaujenga Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson miaka ya 1980. Yeye aliingia kundi la Underground Resistance pamoja na Mike Banks na Jeff Mills, wakimwita Noise, na ndani ya kundi alibeba cheo cha Waziri wa Habari. Mwaka 1991 watatu hao walirekodi kwa jina la X-101, na kazi hiyo ndiyo ikawa toleo la kwanza la lebo ya Tresor ya Berlin. Klabu ya Tresor yenyewe ilifunguliwa mwaka huohuo, chini ya ardhi, kwenye vyumba vya kuhifadhia fedha vya lililokuwa duka kubwa la Wertheim. Ukitaka kujua kwa nini tekno ya Detroit na Berlin ni kama ndugu wa tumbo moja, anzia hapo.

Halafu ukaja 1994. Ndani ya mwaka mmoja Hood alitoa *Minimal Nation* kwenye Axis, lebo ya Mills, akatoa *Internal Empire* kwenye Tresor, na akaanzisha lebo yake, M-Plant. Kumbuka hali ilivyokuwa: tekno ya kwenye mikesha ya Ulaya ilikuwa inakimbia, kila mtu anaongeza kasi, anaongeza makelele, anarundika sauti juu ya sauti. Hood akaenda kinyume. Akabakiza kiki (ule mdundo mzito wa chini), haihati (visahani vya juu), besi, na sauti moja au mbili za sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme. Basi. Na ngoma zilisimama, tena kwa miguu yote miwili.

Sasa hoja yangu, na ndiyo sababu ya uzi. Santuri hizi zikitolewa upya, watu wengi huzichukulia kama picha za ukutani: unanunua, unaheshimu, unaweka kabatini. Mpya zikitoka, watu walewale huzipima kwa kuuliza kama zimefikia za 1994. Mimi naona tunakosea pande zote mbili. Hood hajawahi kumaliza ile kazi. Weka *Internal Empire* upande huu, *Paradygm Shift* ya 2017 upande ule, na *Mirror Man* ya 2020 katikati, utasikia mtu mmoja anauliza swali lilelile: niondoe nini, na kile kilichobaki nikibebeshe mzigo gani? Toleo la marudio lina maana pale linapokufanya usikie la jana na la leo kwa mkupuo. Kinyume chake ni kukusanya vitu tu.

Karibuni.

---

mzee_wa_besi

Uzi umetulia, mkuu. Nasahihisha kidogo kwa ajili ya wageni wasije wakachanganyikiwa dukani: *Minimal Nation* ya kwanza ni Axis, ila ilipotolewa upya 2009 ilitoka M-Plant, ikiwa na ngoma za ziada. Ukiona nembo tofauti usidhani ni feki.

*Internal Empire* yenyewe imebaki mikononi mwa Tresor, na wameirudisha kwenye santuri.

---

Kipaza

Mkuu SindanoAlmasi, kwa heshima zote, mimi ngoma hizi zinanishinda. Nimejaribu zaidi ya mara moja. Dakika sita kitu kilekile. Nasubiri kitokee kitu, hakitokei, inaisha. Napenda muziki wa mashine, usinielewe vibaya, lakini naomba mnisaidie: mnasikiliza nini hasa?

---

SindanoAlmasi

Kipaza, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa uzito wake.

Chukua ngoma yenye mwendo wa midundo 132 kwa dakika. Kipande kimoja cha midundo minne kinachukua chini kidogo ya sekunde 2. Mashine ya midundo kama Roland TR-909 inakigawa kipande hicho hatua 16, kwa hiyo hatua moja ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ngoma ya dakika sita ina vipande 198 vya aina hiyo. Sasa fikiria prodyuza amejinyima kila kitu isipokuwa sauti nne. Ana nafasi 198 za kubadilisha kitu, na kitu chenyewe ni kidogo mno: haihati inasogea hatua moja, filta ya sinthesaiza inafunguka kwa kiasi cha upana wa unywele, besi inaruka noti moja kisha inarudi.

Ukisubiri tukio, hutalipata, kwa sababu ngoma hizi hazina tukio. Zina mwendo. Ni kama kukaa ufukweni maji yakijaa: hakuna wimbi hata moja unaloweza kulinyooshea kidole ukasema hili ndilo lililoleta bahari, lakini ukigeuka, jiwe ulilokuwa umelikalia limefunikwa.

Fanya hivi. Chukua *Minus* kutoka *Internal Empire*. Vaa hedifoni. Chagua sauti moja tu, ile ya juu inayozunguka kama ngazi, uifuate kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kushughulika na kiki. Halafu urudie, safari hii ufuate haihati peke yake. Mara ya tatu sikiliza zote pamoja. Kisha urudi hapa utuambie.

---

mtambo909

Ngoja nishushe nondo upande wa ufundi, maana humu kuna jambo ambalo watu wanalipita.

Santuri ya kasi ya 33⅓ inazunguka mara moja kila sekunde 1.8. Midundo minne ndani ya sekunde 1.8 ni sawa na midundo 133 na theluthi kwa dakika. Maana yake, kwa mwendo ambao tekno nyingi inatembelea, mzunguko mmoja wa santuri karibu unalingana na kipande kimoja cha muziki. Ndiyo maana mafundi wa Detroit waliupenda ule mfereji uliofungwa, yaani sindano ikiingia haitoki, inazunguka palepale milele. Ukipata ngoma ya mwendo huo kamili, mduara mmoja wa plastiki unakuwa lupu isiyoisha.

Aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo ni marehemu Ron Murphy, fundi wa kukata santuri wa National Sound Corporation pale Detroit. Alifariki 2008. Yeye ndiye aliyekata nyingi za Underground Resistance na Axis: mifereji iliyofungwa, mifereji miwili iliyosokotana upande mmoja, santuri zinazoanzia ndani kwenda nje. Mwenye santuri ya Detroit ya miaka hiyo aishike chini ya taa, aiinamishe, aangalie ile sehemu laini kati ya ngoma ya mwisho na karatasi ya katikati. Ukiona herufi NSC zimechorwa, zimepita mikononi mwake. Mimi ya kwangu mwandiko ni mwembamba, umelala kidogo, na herufi ya mwisho imechorwa kwa haraka kiasi kwamba mkia wake umegusa mfereji. Kila nikiiona nakumbuka kwamba muziki huu tunaouita wa mashine ulipita kwenye vidole vya mtu.

---

binti_santuri

mtambo909 umenipa jibu la kitu kilichonisumbua muda mrefu!

Nilinunua toleo la zamani la Hood kwa mtu mtandaoni, picha safi, maelezo safi. Ikafika imejipinda. Nikaiweka hivyohivyo kwa hasira. Kila mzunguko sindano inapanda, inashuka, na sauti inayumba nayo. Kilichonishangaza ni kwamba ule uyumbaji ulikuwa unaendana na mdundo, kama sehemu ya ngoma. Sasa nimeelewa: sekunde 1.8.

Aliyeniuzia hakujibu tena ujumbe wangu. Pesa ilienda. Tangu siku hiyo nanunua matoleo ya marudio na sina majuto. Anayetaka la kwanza kwa sababu ya historia, Mungu amjalie, lakini mimi nataka kusikia ngoma.

---

SindanoAlmasi

Pole sana dada. Na naunga mkono hoja. Hizi zilitengenezwa zipigwe. Santuri ya 1994 iliyopita mikononi mwa madijei watano imechoka, haihati zake zimeshakuwa mchanga. Kwa muziki wenye sauti nne tu, ukipoteza moja umepoteza robo ya ngoma.

---

mzee_wa_besi

Hapo nakubali nusu. Toleo la marudio linaweza kuharibiwa vilevile, na kwa Hood madhara yake ni makubwa kuliko kwa wengine. Nieleze.

Fundi anayeandaa sauti upya anashawishika kuongeza ukubwa. Anabana sauti ili zilizo chini zipande zikaribiane na zilizo juu. Kwenye wimbo wenye magitaa na waimbaji kumi unaweza usigundue. Kwenye ngoma ya Hood, kati ya kiki na kiki kuna nafasi tupu, na ile nafasi ndiyo inayokusukuma mwili. Ukiibana, ule ukimya unajaa vumbi la sauti, na kiki inakosa pa kuangukia. Kwa hiyo ukipata toleo jipya, usisikilize kwanza kama besi ni nzito. Sikiliza kama kimya kipo.

Jambo la pili ni urefu wa upande. Besi inaitikisa sindano kushoto na kulia, kwa hiyo mfereji wake unahitaji upana. Ukirundika dakika nyingi upande mmoja, fundi analazimika kupunguza sauti ili mifereji isigusane. Ndiyo maana tekno imekaa miaka yote kwenye santuri za inchi 12 zenye ngoma moja au mbili kila upande. Albamu ikigawanywa kwenye santuri mbili au tatu, wengine hulalamika kwamba wanasimama kila mara kugeuza. Mimi nafurahi. Najua besi imepewa nyumba yake.

---

Nuru_ya_Usiku

Wakuu, mnazungumza kama Hood ni mmoja. Kuna Floorplan, na huko ndiko mimi niliingilia.

Kwa jina hilo anafanya ngoma zenye joto, karibu na haus, ule muziki wa klabu ulio ndugu wa tekno, na injili. *Paradise* ilitoka 2013 kwenye M-Plant, na ndani yake kuna *Never Grow Old* yenye sauti ya Aretha Franklin akiimba injili. Nilipoisikia mara ya kwanza nilisimama. Sikucheza, nilisimama tu. Ni kiki, makofi, piano, na ile sauti inapanda, inakatwa, inapanda tena. Hood mwenyewe ni mchungaji aliyewekwa wakfu, alihama Detroit akaenda kuishi Alabama, na hafichi kwamba anachukulia kazi ya klabu kama huduma. Baadaye binti yake Lyric akaingia, wakawa wawili: *Victorious* ya 2016, *Supernatural* ya 2019, na *The Master's Plan* ya 2024.

Naomba mwenye uzi aseme: Floorplan ipo ndani ya hoja yako au umeiacha nje? Maana wapo wanaoisema kama ni starehe ya pembeni, na kwamba Hood "wa kweli" ni wa minimali, yaani tekno ya sauti chache. Mimi inaniuma.

---

SindanoAlmasi

Ipo ndani kabisa, na ahsante kwa kunikumbusha, nilipaswa kuanza nayo.

Sikiliza ujenzi wa *Never Grow Old* bila kuangalia jina. Vitu ni vichache vilevile. Kinachorudiwa ni kile kile, saa hii badala ya noti ya sinthesaiza ni pumzi ya mwanamke anayeamini anachoimba. Kurudia kanisani na kurudia kwenye tekno vinafanya kazi inayofanana: mstari unaimbwa mara ishirini, maneno hayajabadilika, aliyebadilika ni mwimbaji. Hood alikuwa Waziri wa Habari wa kundi la tekno kabla hajawa mchungaji. Mimi naona hakubadilisha kazi, alibadilisha mimbari.

Wanaosema Hood wa kweli ni wa 1994 wamechukua mwaka mmoja wakaufanya mtu mzima.

---

KandaYaBuluu

Nachomekea kidogo. Kwa wanaotaka kulinganisha, mwaka 1993 na 1994 Moritz von Oswald na Mark Ernestus nao walikuwa Berlin wanapunguza vitu kama Basic Channel. Ila wao walipoondoa, walijaza nafasi kwa mwangwi na moshi, urithi wa dabu ya Jamaika, ile rege ya mwangwi. Plastikman, yaani Richie Hawtin, akiwa Windsor, Kanada, ng'ambo tu ya mto kutoka Detroit, alijaza kwa asidi, ule mlio wa sinthesaiza unaojipinda, na kiza. Hood hakujaza. Ukavu ule ndio unaomtambulisha. Sindano ikigusa tu, ndani ya vipande viwili unajua ni yeye.

---

mtambo909

Nyongeza kwa KandaYaBuluu: msimsahau Hood wa jazi. *Nighttime World Volume 1* ilitoka 1995 kwenye lebo ya Cheap ya Vienna, ya pili ikafuata 2000, na ya tatu, *Motor*, ikatoka 2012 kwa Music Man. Hapo mtu yuleyule mkavu anaweka kodi za kinanda, yaani noti kadhaa kwa pamoja, anaacha hewa iingie.

*Motor* ni albamu ya mji wa magari uliokauka. Detroit ilikuwa na watu takriban milioni 1.85 mwaka 1950. Sensa ya 2010 ilikuta laki 7 na ushei. Mji uliojengwa kwa ajili ya watu wengi kiasi kile, wakaondoka zaidi ya nusu: mitaa mipana, viwanda vimesimama, taa chache. Mimi siwezi kusikiliza ule utupu wa Hood nikausikia kama mtindo tu. Ni mji.

---

SindanoAlmasi

mtambo909, hiki ndicho nilikuwa nakitafuta na sikukipatia maneno. Kuna kupunguza kwa mtu aliyekuwa na vingi akachoka navyo, na kuna kupunguza kwa mtu aliyeona vinaondoka mbele ya macho yake. Hood anapunguza kama mtu wa pili. Ndiyo maana kilichobaki anakishika kwa nguvu.

---

Nuru_ya_Usiku

Na kuna ile aliyofanya na Femi Kuti, mwanamuziki wa afrobeat wa Nigeria, *Variations*. Saksafoni na mashine. Femi anarudia kifungu, Hood anamfuata, hakuna anayemzidi mwenzake sauti. Nilipoisikia niliona afrobeat na tekno ya Detroit zilikuwa zinatafutana muda mrefu. Mills naye alishafanya na marehemu Tony Allen, mpiga dramu wa afrobeat, *Tomorrow Comes the Harvest*, 2018. Mwenye masikio asizipite hizi mbili.

---

binti_santuri

Kwa anayeanza mnampa nini? Maana mmeshataja nyingi, mgeni atakimbia.

---

mzee_wa_besi

Mgeni aanze na *Paradise* ya Floorplan ili mwili uelewe kwanza. Halafu *Internal Empire*. *Minimal Nation* iwe ya tatu, siyo ya kwanza. *Omega* ya 2010 na *Paradygm Shift* zifuate. Anayetaka kuona safari nzima kwa pamoja, upo mkusanyiko wa miaka 20 ya M-Plant uliotoka 2014. Hizo za lebo ya Peacefrog, *Point Blank* ya 2002 na *Wire to Wire* ya 2003, aziweke baadaye.

---

SindanoAlmasi

Mpangilio huo nauheshimu, isipokuwa *Wire to Wire* mimi ningeipandisha juu. Imesahauliwa bila kosa lake.

---

Kipaza

Nimerudi, wakuu.

Nimefanya kama nilivyoelekezwa. *Minus* mara tatu, hedifoni, taa nimezima. Mara ya kwanza nilifuata ile ngazi ya juu na nikaipoteza katikati, akili ikaenda kwenye mambo ya kesho. Mara ya pili nikashika haihati. Mara ya tatu, sijui niseme vipi, nilikuta sauti imeshafunguka na sikujua imeanza kufunguka saa ngapi. Nikarudisha nyuma kutafuta pale ilipoanzia. Sikupaona. Nikarudisha tena.

Sijasema nimekuwa mwanachama, *Minimal Nation* yenyewe bado inanigomea. Lakini lile jiwe ufukweni nimelielewa. Niweke ipi sasa?

---

SindanoAlmasi

Weka *Museum*, ndugu yangu, ipo kwenye hiyohiyo *Minimal Nation* inayokugomea. Safari hii usifuate sauti yoyote. Simama, iache miguu ifuate yenyewe.